Mkuki Walioupa Jina la Radi

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Mimi haya yalinipata mchana, akili zangu timamu, kwenye kijiji kipya walikotuhamishia huku Kasulu.

Nikichimba shimo la nguzo ya jiko, niliokota jiwe lenye makali pande mbili, ncha imevunjika. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa akipita vijijini alilishika akafurahi.

"Mama, hii ni silaha ya watu wa kale. Kitako wamekichonga chembamba kiingie kwenye mti. Ingekuwa ndogo ningesema mshale. Hii ni ya mkuki. Na ncha imevunjikia kwenye kitu kigumu."

Akalichora, akanirudishia, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo radi ikaua ng'ombe wa jirani. Basi! Jiwe langu likawa jiwe la radi, lililoanguka nayo, nami mjane nikawa mchawi aliyeituma. Mwenyekiti akatangaza: kesho mkutano utaamua kama nifukuzwe. Niende wapi, na nyumba ya zamani walishaibomoa?

Mchana huohuo nilikuwa jikoni, mvua inamwagika. Mwanamume akaingia bila hodi, mkavu. Niamini, hata tone! Kiunoni ngozi, ubavuni tundu. Akanyoosha mkono, akasema kwa Kiha cha zamani sana:

"Nipe. Ndilo lililoniua."

Niliogopa, nani asingeogopa? Lakini hasira ilinizidi.

"Sikupi ng'o! Kesho nitawaonyesha nini? Wewe ulishakufa, mimi ndiyo kwanza wanaanza kuniua. Nisaidie kwanza!"

Akanitazama sana. Akaingiza vidole ubavuni, akatoa kipande kidogo, akakiweka juu ya figa, akatoka. Kwenye tope lote lile hakuacha unyayo.

Mkutanoni nilisimama kabla sijaitwa. Nikaunganisha vile vipande mbele yao, vikakaa sawasawa. Kile kidogo kilikuwa bado kimeshika chembe ya mfupa.

"Ndugu mwenyekiti, radi huchongwa kitako? Huu ni mkuki. Aliyeurusha ni mtu, si radi."

Mwenye ng'ombe akauliza, "Hicho kipande umekitoa wapi?"

"Kanipa mwenyewe."

Akarudi kukaa mbali na jiwe. Na mimi sikuhama.

Mpaka leo mvua ikinyesha yule mtu huja, hukaa karibu na mafiga akingoja jiwe lake. Namwonea huruma, lakini namwambia bado, wangali wananisema. Kwa hiyo wewe unayemnyooshea mjane kidole, siku akiingia kwako mtu asiyelowa, usiseme sikukuambia. Nitakuwa nimemwelekeza mimi.