Mstari Mwekundu kwenye Mashine ya Mpwa Wangu

Transfoma, moyo wa mashine ya kuchomelea vyuma, hupata joto polepole, na hapo ndipo inapowaponza watu. Unafunga kipimajoto kwenye nyaya zake, unaitwisha mzigo wa umeme, unakaa. Joto linapanda, linapanda, kisha linasimama. Lisiposimama, hujapima kitu. Nililijua hilo miaka yote niliyosuka mashine za kuchomelea barazani kwangu, Rasbura.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kutoka Mitole nimsukie mashine yake ya kwanza. Alikuwa ameacha kilimo ili ale kwa ufundi. Kwetu mjomba ni mzazi, kwa hiyo dada yangu hakutaka kazi ile iende kwa fundi mwingine.

Tuliipima asubuhi, upepo baridi wa kusi ukipita barazani. Gari la kwenda Kilwa, ambalo lingemrudisha Mitole, lilianza kupiga honi joto likiwa bado halijatulia. Mpwa akakitazama kipimajoto.

"Mjomba, mbona bado linapanda?"

"Wewe chuma umekijua lini? Juzi tu ulikuwa ukifukuza ngedere shambani kwa mama yako."

Akacheka, akainamisha kichwa. Nikakisia joto lingesimama wapi, nikachora mstari mwekundu kando ya swichi ya kuongezea umeme. Nikamwambia asiuvuke.

Hakuuvuka. Lakini korosho zikishauzwa, watu huagiza milango ya chuma, na siku hizo jua la Mitole si la kusi. Alichomelea kutwa ndani ya kibanda cha bati. Nyaya zikaungua kwa ndani, moto ukatoka. Jirani alikuwa ameweka humo magunia ya korosho akisubiri mnada. Korosho ikishika moto huwaka kama mafuta. Hakikubaki kitu.

Wazee waliniita. Kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka, mpwa wangu alisema, "Mstari niliuvuka mimi." Alilelewa hivyo: mjomba haaibishwi mbele ya watu. Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema kwamba kipimo sikukimaliza. Nikasema, "Vijana hawasikii."

Tangu hapo hakuna aliyempelekea hata jembe la kuchomelea. Walisema ana tamaa, atawaunguzia nyumba.

Nilisuka mashine nyingine. Hii niliipima juani, nimeifunika bati, nikakaa nayo mpaka joto likasimama lenyewe na kubaki palepale. Ampea za umeme zilizofaa zilikuwa chini sana kuliko nilivyokisia mwanzo. Nikaipeleka Mitole. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mjomba. Nani ataniletea kazi?"

Ijumaa hiyo, baada ya swala, nilisimama nje ya msikiti nikawaambia watu kwamba mstari ule ulikuwa wa uongo, kwamba niliuchora bila kumaliza kupima, na kijana hakuuvuka. Walisikiliza kwa adabu. Mwenye korosho alinishika mkono.

"Mzee, tumekuelewa. Unamsitiri mpwa wako. Ndiyo kazi ya mjomba."

Nikaapa. Wakatikisa vichwa kwa huruma, na mmoja akasema wajomba wa namna yangu wamebaki wachache.

Mpwa wangu sasa analima ufuta Likawage, shamba la kukodi. Mimi nikipita Mitole, wananiamkia kwa heshima zaidi kuliko zamani.