Kichwa Kilichoandikwa Shingo

Kipandauso changu huanza na macho. Nipo ubaoni, nawafundisha darasa la saba desimali, ghafla upande mmoja wa ubao unaliwa. Naandika nane, naiona nusu. Pembeni kunawaka mstari wa mwanga, unachezacheza kama bati jipya juani. Hapo najua nimebakiwa na muda mdogo tu wa kuwapa watoto kazi, kisha nikatapike nyuma ya vyoo. Baada ya hapo ni kichwa chenyewe, upande wa kushoto, na hicho sikielezi. Asiyewahi kuumwa atasema ameelewa, na atakuwa muongo.

Shule ilikuwa njia ya Hombolo, na mimi naishi Miyuji. Kila siku ya Mungu niende nirudi, vumbi usoni, na jua la Dodoma halikupigi kutoka juu tu, linakurudia kutoka kwenye udongo mweupe, huna pa kuweka macho. Nilitaka kitu kimoja: nihamishiwe shule ya karibu na nyumbani ili niendelee kufundisha. Sikuomba cheo. Sikuomba kukaa ofisini ninywe chai.

Walimu wenzangu walinitania. Mtani wangu mmoja alizoea kusema, "Kichwa cha huyu mama kina ratiba, kinajua siku ya kusahihisha mitihani." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa namjibu kwa ukali mbele za watu, kwa sababu mwalimu mkuu naye alikuwa anasikia, na yeye hakuwa anacheka.

Kwenye kituo cha afya nilikotibiwa kulikuwa na daktari kijana. Akiniona tu mlangoni na mtandio machoni, anasema, "Shikamoo mwalimu, kimerudi?" Kisha anavua koti lake jeupe na kulitundika dirishani ili chumba kiwe giza. Hakuna aliyemfundisha. Siku ya kwanza alinigeuzia kompyuta, akaniambia, "Mwalimu, humu kila ugonjwa una namba yake. Nikiweka ya kipandauso, mfumo wa bima unadai kwanza barua ya daktari bingwa, na sindano haitoki. Nikiweka ya misuli ya shingo, inatoka sasa hivi. Nikuwekee shingo?"

Mimi nimekumbatia ndoo, nyongo inanitoka. "Weka hata ukucha, baba, nichome tu!"

Akaweka shingo. Na siku nyingine akaweka shingo, na nyingine tena. Wala si yeye peke yake. Hata manesi walikuwa na jina la namba hiyo ya shingo, waliiita namba inayopita. Kila aliyewahi kuambiwa dirishani kwamba mfumo umekataa anajua ninachosema. Nilipona siku ile, nikarudi darasani, sikuwaza zaidi ya hapo.

Mwaka niliposhindwa kabisa, nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Mwalimu mkuu akasema niende kwenye jopo la madaktari, hospitali kubwa mjini, lithibitishe ugonjwa. Nilikwenda nikiwa na furaha, wallahi. Nilipiga pasi gauni. Nilijiambia kwamba leo, kwa mara ya kwanza, watu waliosoma wataketi na kukitazama kichwa changu.

Asubuhi walinipiga picha. Mchana nikaitwa ndani. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, mbele yake faili langu lililotolewa kwenye mfumo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa." Akaanza kufunua.

"Shingo," akasoma. Akafunua. "Shingo. Shingo tena. Hii nayo shingo. Mwanangu, mbona barua yako inasema kichwa? Na picha ya asubuhi inaonyesha shingo yako haina tatizo lolote."

Nikafungua mdomo. Daktari aliyekaa kando yake akainua kalamu.

"Kabla hujajibu, mwalimu. Kama ni kichwa, basi aliyeandika shingo ameidanganya bima, na jina lake lipo kila ukurasa. Itabidi tulipeleke mbele, na huko kazi hana tena." Hakusema kwa ubaya. Aliongea kama mtu anayenielekeza choo kilipo.

"Ni mfumo," nikasema. "Mfumo ndio unaokataa kipandauso."

"Mfumo hauandiki, mwalimu. Anaandika mtu."

Jamani! Nilimchukia yule bwana. Nilimchukia aliyepanga zile namba, popote alipo, kwenye kiti chake cha kuzunguka. Hata yule kijana nilimchukia, kwa nini hakuniacha nigaegae sakafuni kwa ugonjwa wangu wa kweli? Halafu akilini nikaliona lile koti lake dirishani. Alikuwa na mtoto mchanga, mke wake hana kazi. Nilitaka kusema ukweli. Wakanisubiri kwa heshima zote.

"Ni shingo," nikasema.

Yule mama akavua miwani. Uso wake ulifunguka, na nilivyomwona alikuwa amefurahi kwa ajili yangu kweli kweli.

"Basi mshukuru Mungu, mwanangu. Sisi tulishaogopa. Kingekuwa kichwa tungekuhamisha leo hii. Shingo ni mazoezi tu, na ubadilishe mto."

Nikamwambia ahsante. Nilitoka nikalia palepale kwenye maegesho, juani, watu wakipita na kuniambia pole mama, Mungu ampumzishe, wakidhani nimefiwa wodini. Sikuwa na nguvu ya kuwakatalia.

Nilijikokota hadi mwisho wa muhula. Siku mbili za mwisho nilifundisha nimefumba jicho moja. Nilijua kazi ikienda na kadi ya bima inakwenda, na sindano nayo, lakini ubao ulikuwa unaliwa karibu kila wiki na watoto walikuwa na mtihani wa taifa mbele yao. Walistahili mwalimu anayeona. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu mkuu akaisoma, akairudisha, akasema imekosa sababu, bila sababu haipokelewi. Nikachukua kalamu mezani kwake nikaandika: matatizo ya kifamilia. Akaigonga muhuri. Hakuniuliza familia yangu ina nini.