Mshipa wa Pili wa Mama Pasi

Tarehe 14 Machi 2019, saa nne asubuhi, eksirei ya kifua cha mwanamke mmoja mpiga pasi ilionyesha mrija wa plastiki ukishuka upande wa kushoto, mahali ambapo mrija wa aina hiyo hautarajiwi kuonekana.

Wateja wanamwita Mama Pasi. Ana miaka hamsini na mbili na chumba kimoja cha dobi kinachotazamana na kituo cha mafuta. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili nzito, na kamba ya mashati ya watu wa ofisini. Kwenye kola hana mzaha. Akiona mkunjo huilowesha upya hata kama mwenye shati amesimama mlangoni anatazama saa.

"Ukitoka hivyo watasema umepigiwa pasi na mume wangu," huwaambia.

Mume huyo, dereva wa lori aliyestaafu, hukaa nyuma akifunga vifurushi. Utani ameshauzoea.

Figo za Mama Pasi ziliacha kufanya kazi miaka mitano iliyopita. Tangu hapo anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mashine inataka njia pana ya kutolea damu na kuirudisha, na njia hizo kwake zimekwisha moja baada ya nyingine. Mshipa ulioandaliwa mkono wa kulia uliziba. Mirija ya shingoni, upande huohuo, iliacha makovu ndani ya mshipa mkubwa unaoingiza damu moyoni. Mrija wa kwenye kinena ulileta usaha na homa, akalazwa. Asubuhi ile daktari alijaribu shingo upande wa kushoto, bila matumaini makubwa. Kwa watu karibu wote, damu ya kushoto huvuka kifua na kumwagika kwenye mshipa uleule wa kulia, na wa Mama Pasi ulikuwa umebanwa na makovu.

Mrija uliingia bila kukwama. Kisha ikaja picha.

Daktari aliigeuza filamu, akidhani imebandikwa kinyume. Moyo, ambao hukaa kushoto, ukahamia kulia. Akairudisha ilivyokuwa.

Chumba kile cha mashine kina sharti moja lisilojadiliwa: mrija usioshuka kulia kwa mfupa wa kifua hautumiki, unatolewa. Aliyeliweka ni sista mkuu, baada ya mrija wa mgonjwa mwingine kugundulika umetoboa mshipa na kumwaga damu kifuani. Hakuna aliyewahi kulivunja, wala hakuna aliyewahi kutamani kulivunja. Sista akaja na sinia la vifaa.

"Mama, tunautoa. Umekwenda siko."

"Umekwenda wapi?"

"Upande usio wake."

"Hilo umeshasema, sista. Nauliza uko wapi."

"Huenda umeingia kwenye mshipa unaotoka moyoni. Au umetoboa. Tukiwasha mashine hapo tutakumaliza."

"Na mkiutoa, kesho mtanichomeka wapi? Sikioni?"

Mama Pasi alikuwa amekosa mashine mara mbili mfululizo. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vimebebwa na mumewe kwenye mfuko, na kila sentensi ilikatwa na pumzi. Damu yake ilitakiwa kusafishwa siku ileile.

"Sikatai kutolewa," alisema. "Ila mniambie kwanza mnautoa wapi."

"Mjibuni tu," mume wake akasema. "Huyu hata nyumbani hamalizi swali moja mpaka apate jibu lake."

Daktari akavuta damu kidogo kutoka kwenye mrija. Ilitoka polepole, nyekundu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Damu ya mshipa unaotoka moyoni hung'aa, na hutoka ikidunda. Maabara ikathibitisha alichokiona. Likabaki swali la tundu. Wakampeleka kwenye skani, na dawa inayoonekana pichani ikasukumwa kupitia mrija wenyewe.

Hapakuwa na tundu. Mama Pasi ana mishipa mikubwa miwili inayoshusha damu kutoka kichwani na mikononi. Kila mtoto huwa nayo yote miwili akiwa bado tumboni, kisha wa kushoto hunyauka kabla hajazaliwa. Wake haukunyauka. Unashuka kushoto, unapita nyuma ya moyo na kufungukia chumba kilekile cha kulia kinachopokea damu ya mshipa mwingine. Kati ya watu elfu, watatu hadi watano huzaliwa hivyo, na wengi huzeeka bila kujua. Makovu yote yalikuwa kulia. Wa kushoto ulikuwa haujawahi kuguswa.

Sista aliitazama skani kwa muda mrefu kuliko daktari. Aliuliza kama ncha ya mrija haigusi ukuta wa moyo. Ilikuwa inakaribia, na ingeweza kuuchokoza ukadunda ovyo. Daktari akauvuta nyuma kidogo, akaushona, wakapiga picha nyingine. Saa tisa mchana sista mwenyewe aliunganisha mashine kwa mwendo wa taratibu, akavuta kiti karibu na skrini ya mapigo ya moyo. Sharti lake halijafutwa. Limeongezewa kwamba mrija wa kushoto usitolewe kabla ya skani.

"Kumbe ndiyo maana," mume alisema. "Miaka yote nikimzibia huku anatokea kule."

"Ungenizibia saa ngapi?" alijibu Mama Pasi, macho ameyafumba. "Ulikuwa barabarani."

Mrija wa shingoni si wa kudumu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeachwa kwa kudhaniwa kwamba damu yake haina pa kutokea. Sasa daktari wa upasuaji amekubali kuandaa mshipa mpya kwenye mkono huo, tarehe 9 Aprili. Mpaka utakapokomaa atatumia mrija. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, anarudi kwenye mashine.