Isiwekwe na Moto

Vitabu sikuvisoma vingi, lakini klachi naijua. Nilijifunza kuendesha gari kwa pikapu ya mboga, nikisomba kabichi na viazi kwenda sokoni, na hata leo usukani ni wangu. Gari tulilo nalo sasa ni kuukuu. Linatoka mara mbili tu kwa wiki, kumpeleka mzee wangu, baba watoto, hospitali kule Upper Hill akaoshwe damu, maana figo zake zimechoka. Siku nyingine zote linasimama uani kwetu Muthangari. Na gari likisimama, betri hulala.

Hospitalini mashine ina saa yake. Saa moja asubuhi kiti ni cha mzee wangu. Akichelewa kinapewa mgonjwa mwingine, nasi tunangoja hadi huyo atoke. Mzee akikosa kuoshwa kwa wakati, miguu inafura, pumzi inakuwa fupi. Ndiyo maana asubuhi ambayo gari linasema "tik" halafu linanyamaza, mimi si mtu wa kuongeleshwa.

Jirani yangu ni mama wa Kihindi, tumepakana ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Yeye ndiye aliyekuwa akituamshia gari kwa betri yake na nyaya zake. Anatoka na shali begani, chai mkononi. Mara ya nne akacheka.

"Mama, hii gari yako naona kuliko watoto yangu. Watoto iko Canada, gari iko kwa gate yangu kila wiki."

Alisema kwa wema. Najua alisema kwa wema. Lakini siku hiyo niliendesha hadi hospitali nimefura kama unga uliotiwa hamira. Sijazoea kubisha mlango wa mtu kabla ya jua kutoka, nikiomba.

Nikaenda mjini, kule wanakouza spea, kutafuta ile betri ndogo ya kuamshia gari, ile unayoibeba mkononi kama kibeti. Duka la kwanza nilimkuta muuzaji kijana mwenye mdomo, akaniita kama nyanya yake.

"Shosho, chukua hii. Hii inawasha hadi lori!"

Nikaipima mkononi. Nyepesi kama mkate uliokauka. Kabichi ikiwa nyepesi hivyo, ujue ndani ni upepo.

"Basi washa hiyo pikapu iliyosimama hapo nje."

"Saa hii haina chaji, shosho."

"Hata wewe huna," nikamwambia, nikatoka.

Duka la pili alikuwa mzee wa Kisikh, ndevu nyeupe, kilemba safi. Huyo hakuanza kwa kusifu. Aliniuliza kwanza gari ni la petroli au dizeli, na injini ni ya ukubwa gani. Akanionya nisitishwe na namba kubwa iliyochorwa kwenye boksi, kwamba hiyo ni nguvu ya kupepesa jicho tu, inakuja na kupotea. Niulize nguvu ya kuwasha injini hasa. Akatoa kidude chake, akanionyesha nyaya, nene kama kidole changu, zenye koleo jekundu na jeusi nchani. Kisha akachukua betri ya gari iliyokuwa kwenye kaunta, akabana koleo jekundu mahali pa jeusi, makusudi. Kile kidude kikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, na hakikutoa nguvu. Hapo nikakipenda. Kitu kinachokukaripia kabla hujaharibu, hicho ni kitu cha kuweka nyumbani.

"Mama, sikia mimi," akasema akikifunga. "Weka ndani ya nyumba, pahali kavu, pahali baridi. Kwa gari usiache, jua itapika. Karibu na jiko hapana. Hii usiweke kwa moto. Ona taa nne hapa. Tatu iwake, basi iko sawa. Kila miezi mbili angalia, ikishuka ongeza. Kitabu iko ndani."

"Kitabu ni cha watu wa kitabu," nikasema. "Nimesikia."

Nilikuwa nimesikia kweli. Shida ni nilichofikisha nyumbani.

Nilifika nikiwa nimechelewa kupika. Chakula cha mzee hakina chumvi, hakina hiki wala kile, kina masharti kuliko mahari. Nikampa mzee kile kidude sebuleni, nikaingia jikoni, na kutoka huko, juu ya mvumo wa jiko la gesi, nikapaza sauti:

"Kiweke kwa kabati la nguo! Alisema isiwekwe na moto!"

"Isiwe na moto?"

"Ndiyo!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Unataka ituchomee nyumba?"

Sasa, mzee wangu alifanya kazi ya fundi wa stima maisha yake yote, hadi miguu ikamkataa kupanda ngazi. Kwa mafundi wa stima moto si wa jikoni. Moto ni ule ulio ndani ya waya. Waya hii ina moto, usiguse. Ile haina moto, shika. Nimekaa na mtu huyu miaka yote hii nikisikia maneno hayo mezani, na bado sikufikiri.

Jioni hiyo nilimkuta kibarazani amekiweka mapajani, kimewasha tochi yake ndogo ya mbele, kinamulika ukuta na jua bado lipo. Nikadhani anajifurahisha na kitu kipya. Mtu mgonjwa akipata cha kumchangamsha, unamwacha. Kumbe anakimaliza moto. Tochi ilipozima yenyewe, akakifunga kwa blanketi kuukuu, akakiweka kabatini, akalala na roho safi.

Wiki tatu gari liliwaka lenyewe. Halafu ikaja asubuhi ya baridi na manyunyu. Tik. Kimya.

Sikuogopa. Nilishuka na kidude changu kama mtu mwenye mali. Nikabana jekundu, nikabana jeusi, nikabonyeza. Hakuna taa. Nikabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna kelele, hakuna kitu.

"Yule mzee wa kilemba ameniuzia jiwe!" nikapiga kelele. "Nitamrudishia leo hii!"

Mzee wangu alikuwa ameshaketi ndani ya gari, fimbo katikati ya magoti.

"Unatafuta nini hapo?"

"Moto! Hakina moto hata chembe!"

"Si ulisema kisiwe na moto?"

"Nilisema... " Nikasimama na makoleo mkononi. "Wewe ulikifanya nini?"

"Nilikimaliza. Nilikuuliza hata kidogo, ukasema hata kidogo."

Nilitaka kumgombeza. Nikatazama saa, nikatoa simu kuita teksi. Teksi ya simu ilikubali ikakataa, ikakubali ikakataa. Basi nikaenda kubisha.

"Aa, Mama," jirani akasema, shali begani. "Mimi nilifikiri gari imenikasirikia."

Tulifika saa mbili kasoro. Nesi alituangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mama, kiti kimechukuliwa. Mngoje huyu atoke, kama saa tano na nusu."

Tukakaa kwenye benchi. Viatu vilianza kumbana mzee. Nikapiga magoti nikamvua, na soksi zilikuwa zimeacha mfereji mguuni. Hakulalamika. Angelalamika ningepumua.

"Nilisema vibaya," nikasema, nikiwa bado nashika kiatu.

"Ulisema moto."

"Nilimaanisha wa jiko."

"Ungesema jiko."

Nikaviweka viatu chini ya benchi, nikaketi kando yake.

Aliingia kwenye mashine karibu saa sita, akatoka amechoka kuliko kawaida. Tuliporudi nyumbani nilikichomeka kile kidude kwenye soketi ya sebuleni, mbali na jikoni, nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Muda mrefu hakikuonyesha chochote, nami nikajua kwamba kikiwa kimekufa, aliyekiua ni mdomo wangu. Kisha taa ya kwanza ikaanza kupepesa, kwa uvivu. Baadaye ya pili. Ilipotulia ya tatu, nilimwita mzee aje na kalamu na utepe wa karatasi, aandike ubavuni mwa kidude namna ya kukiweka.

Akaketi, akavaa miwani, akalamba ncha ya kalamu.

"Sema polepole," akaniambia. "Na usitaje moto."