Nilimchagulia Marehemu Rangi ya Viatu

Niliwahi kusimama kwenye duka la viatu ugenini, nikamshauri rafiki yangu amnunulie baba yake viatu vya kahawia badala ya vyeusi.

Baba yake alikuwa amezikwa siku tisa kabla.

Mimi nilijua. Na bado nikasema kahawia.

Msinihukumu haraka.

Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni ilinipeleka nje kwa mafunzo ya wiki moja, kwenye mji ambao rafiki yangu wa tangu utotoni anaishi mwaka wa sita sasa. Anafua mashuka ya hospitali. Tunamwita Ratiba, maana hata mpira wa utotoni alikuwa anatuandikia saa ya kuanza na saa ya kugombana.

Mama yake aliposikia naenda huko, aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, mwenzako hajui. Makaratasi yake hayajakamilika, akitoka huko harudi tena. Nikimwambia kwenye simu, yuko peke yake chumbani, nani atamshika? Mwambie wewe. Ila mwambie akiwa ameshiba."

"Sawa, mama."

Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege na msiba wa mtu mwingine.

Siku yangu ya mapumziko, Ratiba akanifuata hotelini na karatasi mkononi. Saa tatu, mnara. Saa sita, chakula. Saa nane, maduka. Saa kumi, bustani.

Mnarani tulipanda kwa ngazi, lifti ilikuwa mbovu. Niliipa pole kimoyomoyo.

Tulipofika juu, mji wote uko chini yetu, nikajikaza.

"Ratiba, kuna jambo..."

"Ngoja kwanza. Unaona lile jengo jeupe? Dirisha la chini kabisa, hapo ndo mashine yangu ilipo."

Nikatazama dirisha. Nikatazama na kimo cha mnara. Nikaona hapa si mahali pa kumpa mtu habari ya msiba.

Mchana akanipeleka kwenye mgahawa mdogo nyuma ya soko. Supu ya samaki, mkate wa moto. Akamaliza bakuli.

"Umeshiba?" nikamuuliza.

"Bado."

Bakuli la pili.

"Na sasa?"

"Bado kidogo."

La tatu. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene mwenye kitambaa kichwani, akainama kuchungulia chini ya meza, aone kama Ratiba anaimwaga supu.

Mimi jasho linanitoka. Yeye anachovya mkate.

Kisha ndo tukaingia duka la viatu. Ratiba akainua jozi mbili.

"Baba ana miguu mipana. Vyeusi au kahawia?"

Muuzaji akatusogelea. "Vya nani, tafadhali?"

"Vya baba yangu," Ratiba akajibu, kwa sauti ya duka zima kusikia.

Wote wawili wakanigeukia.

"Kahawia," nikasema.

Wakafunga kwenye boksi.

Bustanini tulikaa kwenye benchi, boksi katikati yetu. Sikuweza tena.

"Ratiba, ndugu yangu. Mzee hayupo."

"Najua."

Nikadhani hajanielewa. "Namaanisha amefariki."

"Najua, bwana. Siku ya mazishi jirani aliweka picha mtandaoni. Nilimwona mama. Nikaliona na jeneza."

"Sasa mbona umekaa kimya?"

Akavuta pumzi. "Mama ananipigia kila jioni. Nikimuuliza baba yuko wapi, ananiambia amelala. Nikaona labda kusema hivyo kunampa nafuu. Nikamwachia."

"Na viatu je?"

"Nilijua muuzaji atauliza ni vya nani. Nilitaka kusema 'vya baba yangu' mara moja zaidi."

Hapo mjumbe ndo nikaanza kulia. Mfiwa akanipa leso.

Nilipotulia, akatoa simu akampigia mama yake.

"Mama, mwenzangu ameshaniambia."

Simuni kikatoka kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi. Siku ile yule mama alikuwa anapokea wageni na kuhesabu viti, watu wakamsifu kwamba ana moyo mgumu. Kumbe alikuwa amejizuia siku zote hizo, asije akajisahau sauti ikamponyoka mwanawe akiwa kwenye simu.

"Lia, mama," Ratiba akawa anamwambia, machozi yakimshuka na yeye. "Lia tu. Nipo."

Walilia pamoja mpaka mlinzi wa bustani akaja kutuambia wanafunga. Alipotuona, akaondoka kwenda kufunga geti la upande wa pili kwanza.

Ndugu zangu, kama kwenu kuna mtu mnamficha jambo kwa kumhurumia, mpigieni leo. Huenda alishajua zamani, na yeye ndiye anayewahurumia ninyi.