Siku Tulizokalishwa Barazani

Nikimsikia mtu anasema "tunasukuma siku," huwa nanyamaza kwanza, maana nikifungua mdomo nitamvunjia heshima. Siku inasukumwa? Kwani ni gunia? Siku ameiumba Mungu, akaitoa mara moja, na hiyo hiyo haitoi tena. Shule nimekaa kidogo sana. Nyumba yangu na mashamba yangu nimevipata kwa mikono hii, na jambo hili sikufundishwa na kitabu. Nililiona wakati wa Mdachi, kwenye baraza la akida.

Akida huyo aliwekwa na Wajerumani atutawale sisi wa milimani, lakini mwenyewe alikaa chini, kwenye njia ya Mikese. Mwishoni mwa kiangazi akamtuma askari: kila mwenye nyumba ashuke na vijana wake, kuna neno la kazi ya barabara. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu, sijaoa, naishi na mama yangu mjane. Shamba letu lilisimama kama ukuta. Shamba la namna hiyo, kabla ya mvua, unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari kukata mteremko, kisha unazifukia. Usipofukia, mvua ya kwanza inaondoka na udongo wako. Tulikuwa tumefika nusu.

Tukashuka, mama naye kama mwenye nyumba, tukakaa juani. Akida alikuwa ndani, tunamsikia akicheka na wageni wake. Jioni askari akatoka: "Bwana amechoka. Njooni kesho."

Kesho ikawa vile vile, na kesho yake; usiku tunalala hapo hapo, maana mlimani ni mbali. Hakuwa na shughuli yoyote. Alitaka tujue nani anangoja na nani anangojewa. Mimi nauita wizi, tena mbaya kuliko wa mbuzi, maana mbuzi hurudishwa.

Mama akachoka kukaa bure. Akakata ukindu kijitoni, akaanza kusuka kikapu pale pale barazani. Askari akamjia.

"Bibi, hapa ni barazani au jikoni kwako?"

"Jikoni kwangu ningekuwa nimeshapakua, baba. Bwana wako ameita masikio, nimeyaleta. Mikono hakuiita."

Watu wakacheka chinichini. Askari naye akageukia pembeni.

Akida alipotoka hatimaye, alisema barabara italimwa baada ya mavuno, akarudi ndani. Basi. Neno ambalo askari yule yule angeweza kutuletea mlimani akiwa amesimama mlangoni.

Mvua ilitukuta njiani. Tulipofika, ile nusu tuliyofukia ilikuwa imeshika. Nusu ya chini ilibaki mawe, udongo wake umelala kando ya kijito kilicho chini ya shamba. Ndiyo iliyokuwa ya maharage, na maharage ndiyo chakula chetu.

Asubuhi mwalimu wa dini, jirani yetu, akaja na kanzu yake nyeupe kutufariji.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama. Pole. Ni mapenzi ya Mungu."

"Milele amina. Mwalimu, mvua ni ya Mungu. Kukalishwa kule ni kwa akida. Usimbebeshe Mungu uchafu wa mtu."

"Basi tuombe, tungoje."

"Kuomba nimeomba alfajiri. Kungoja nimekwisha kungoja."

Akachukua kile kikapu alichokisuka barazani, ukingo wake haujamalizwa, akateremka kijitoni. Nikamfuata na jembe. Nachota, anajitwika, anapanda, anamwaga, anashuka. Mwalimu alisimama akitutazama. Kisha akavua kanzu, akaitundika kwenye mgomba.

"Kijana," akaniambia, "kikapu kingine kiko wapi?"

Tulirudisha udongo kiasi cha kupanda, tukafukia nyasi, na mwaka ule maharage tulikula, ingawa si mengi. Baadaye padri alinihimiza nimsamehe akida. Udongo nimemsamehe, tuliupandisha wenyewe. Zile siku si zangu mimi kuzisamehe. Akida na aende akamjibu Mwenyewe aliyeziumba.