Betri Nilizozipima kwa Mikono

Kosa litakaloonekana hapa ni ubishi wa msomi: mtu anayewafundisha wengine kuhoji kila wanachoambiwa, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kukihoji alichokwisha kukiamini. Kosa hilo lilikuwa langu, nami nalieleza bila kulipunguza.

Mama yangu anaishi Mabawe, na kila baada ya wiki mbili hutakiwa kliniki mjini Ngara kwa ajili ya nyonga. Kati yake na kliniki kuna mlima. Pikipiki hawezi kuipanda, hivyo tegemeo lake ni gari langu dogo, kuukuu, lenye kiu ya petroli isiyo na adabu. Likikosa mafuta, naye hukosa kliniki. Ndipo nilipoagiza vifaa vya kuliongezea mota za umeme kwenye magurudumu ya nyuma, zinazochajiwa nyumbani, injini ya petroli ikibaki mbele mahali pake. Vifaa vilifika bila betri. Betri nilitakiwa kuzichagua mwenyewe.

Nilikwenda Lusahunga kwa fundi anayehudumia malori ya barabara ya Rusumo, mtu wa rika langu, mpole kupita kiasi. Aliniwekea sakafuni betri sita za lori na, pembeni yake, sanduku moja la betri za lithiamu. Sasa, kwetu betri hainunuliwi kwa kusoma maandishi, hunyanyuliwa. Tumeuziwa betri nyingi za sola zilizokuwa nyepesi kama boksi la biskuti, zikafa kabla mahindi hayajakomaa, tukajifunza kwamba nzito ndiyo ya kweli. Niliinyanyua moja ya lori, mgongo ukalalamika, nikaridhika. Sanduku la lithiamu nililinyanyua bila taabu, nikalirudisha chini kwa dharau.

Fundi alieleza kwamba kazi ya betri ya lori ni kuiamsha injini kisha kupumzika, na mimi nilihitaji ya kutoa umeme safari nzima. Nilimjibu kwa hotuba ndefu juu ya udanganyifu katika biashara. Madereva wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha waliacha chai yao ipoe ili wanisikilize.

"Mwalimu," alisema fundi niliponyamaza kuvuta pumzi, "gari ni lako. Nitakufungia hizo nzito, uzijaribu safari moja. Hili jepesi sitaliuza mpaka urudi."

"Sitarudi."

"Sawa, Mwalimu. Nitaliweka karibu na mlango."

Wale madereva walicheka bila kujificha.

Gari lilirudi Ngara likiwa limeinua pua, makalio chini. Nilijiambia kwamba huo ndio uthabiti.

Siku ya kliniki nilimchukua mama, tukaanza kupanda. Hatukufika hata nusu ya mlima; matairi ya nyuma yalianza kusugua bodi, harufu ya mpira ikajaa ndani, mota zikalegea, gari likasimama. Mama aliomba afunguliwe buti aone kilichomo. Nilimfungulia, nikamweleza, kwa fahari iliyokuwa imebaki, kwamba kila moja ya zile betri sita hubebwa na mwanamume mwenye nguvu, tena kwa kuhema. Alizipima uzito kwa macho, mkono juu ya nyonga.

"Mwanangu," alisema, "humu umepakia watu wanne wazima, wasioumwa. Washushe. Mgonjwa ni mimi."

Tulizishusha kwa msaada wa mwenye shamba la migomba lililo kando ya njia, tukamwachia azitunze, na kwa petroli iliyobaki injini ikatupandisha. Mama alihudumiwa wa mwisho, muuguzi akiwa amekwisha kuvua koti.

Kesho yake nilizirudisha Lusahunga. Fundi hakunikumbusha neno langu hata moja. Aliuliza tu hali ya mama, kisha akalifunga garini lile sanduku jepesi, akaniambia nisisahau kulichaji usiku.

Wiki mbili baadaye tulipanda mlima ule bila kusimama, tena kiti cha nyuma kikiwa na majirani wawili waliodai kuwa nao wana kliniki, ingawa mmoja alishukia sokoni. Wote walimsifu fundi kwa kuchagua vizuri. Niliwasahihisha, maana sifa haipaswi kupewa asiye mwenyewe: fundi alifunga, mimi nilibisha, na aliyechagua ni mama.